Usishushe injini bado: jibu kwa mwenye Gold Wing GL1200 ya 1985

Nianze kwa kulieleza swali lako kwa ufupi ili wasomaji wengine tufuatane. Una Honda Gold Wing GL1200 ya mwaka 1985, ya kabureta, uliyoinunua mkononi mwa mtu. Kwa kuwa unasafiri usiku, umeifunga taa mbili za ziada, kila moja ya wati 55. Betri mpya huishiwa nguvu mwishoni mwa safari ya usiku, ilhali ile ya kabla yake ilikuwa ikikauka maji kila baada ya muda. Injini ikishashika moto, mara nyingine ukibonyeza stata unasikia "tak" moja, basi. Kwenye mzunguko wa chini injini inamisi, ukivuka mizunguko 3000 kwa dakika inatulia. Breki ya mbele inabana baada ya mwendo mrefu. Fundi amekwambia koili ya chaji, ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri, imeungua na kwamba ni lazima injini ishushwe. Unauliza kama uishushe.

Usiishushe, ndugu yangu. Bado.

Fundi hajakudanganya juu ya ukubwa wa kazi. Kwenye GL1000, GL1100 na GL1200, koili ya chaji imekaa nyuma ya injini, ndani ya kava lenye oili, na haifikiki mpaka injini itoke kwenye fremu. Ni kazi ya kuchosha na ya gharama, na ndiyo maana haifai kufanywa kwa kukisia. Hukumu ya koili ile hutolewa na vipimo vitatu kwenye waya tatu za njano, na kuzifikia waya hizo hakuhitaji kufungua zaidi ya kifuniko cha pembeni. Katika maelezo yako sikuona mahali fundi alipozipima.

Nikizisoma dalili zako zote kwa pamoja, naona pikipiki inayopoteza volti njiani, kati ya zinapozalishwa na zinapotumika. Betri kukauka maji mchana na kuishiwa usiku yanaonekana kama magonjwa mawili yanayopingana, lakini kwenye pikipiki hii yanaweza kabisa kutoka mahali pamoja, na nitakuonyesha jinsi gani. Breki tu ndiyo ina habari zake. Kwa hiyo breki nitaieleza peke yake huko mbele, ila nakuomba usiendeshe safari ndefu kabla hujaishughulikia.

Tuanze na betri, kwa sababu kila kipimo kingine kinaiegemea. Ichaji kwa chaja ya nje mpaka ijae, iache itulie saa kadhaa, halafu ipime. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, na 12.0 ni kama robo tu. Kisha gusisha ncha za mita kwenye nguzo zenyewe za betri, siyo kwenye mabano ya waya, umwombe mtu apige stata. Volti zisishuke sana chini ya 10. Zikianguka hadi 8 au 7, betri hiyo haifai hata kama risiti yake bado inang'aa. Betri ikiachwa tupu mara kwa mara, sahani zake hushika salfeti na haurudi uwezo wote. Yako imeishiwa mara nyingi, kwa hiyo usiiamini kwa sababu ya upya wake. Ukiwa hapohapo, hamisha ncha moja kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye bano la waya na upige stata tena. Zikipungua, hata kwa nusu volti, hujahitaji kwenda mbali: safisha nguzo na mabano mpaka chuma king'ae, kaza, rudia.

Sasa waya za njano. Karibu na betri, ndani ya kifuniko cha pembeni, tafuta soketi ya waya tatu za njano zinazotoka nyuma ya injini kwenda kwenye rektifaya. Kwenye pikipiki hii rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) na regyuleta (inayozuia volti zisizidi) ni kifaa kimoja, nami nitakiita rektifaya tu. Soketi hiyo ndiyo ninayoishuku kuliko kitu kingine chochote ulichonitajia. Umeme wote unaozalishwa na injini unapita kwenye vibati vyake vidogo, ambavyo vimekula vumbi, maji na mtikisiko kwa miaka mingi. Kibati kikishika kutu kidogo, ukinzani hupanda. Ukinzani huzaa joto, joto nalo huongeza kutu, na mzunguko huo unaendelea mpaka plastiki inageuka rangi ya kahawia na mwishowe inayeyuka. Nimekutana na pikipiki za aina hii zilizohukumiwa kushushwa injini wakati kilichoungua ni soketi hiyo tu.

Ukiikuta imebadilika rangi, usihangaike kuisafisha. Ikate, ambua waya mpaka upate shaba safi isiyo nyeusi, uunganishe waya tatu moja kwa moja kwa lehemu ya risasi, kila moja ndani ya mpira wake wa kusinyaa kwa joto. Wengi huogopa kuchanganya hizo waya kwa kuwa zote zina rangi moja. Usiogope. Ni umeme wa AC wa fezi tatu, na njano yoyote yaweza kuungwa na njano yoyote.

Lakini kabla ya kuziunga, pima, maana ndiyo nafasi pekee ambayo koili ya chaji iko peke yake. Injini ikiwa imezimwa, weka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani. Gusa kila njano kwa zamu, ncha ya pili ikiwa kwenye chuma kitupu cha injini. Mita isionyeshe mawasiliano yoyote. Ikionyesha, hata kwenye waya mmoja, insuleta ya koili imeungua na koili imeisha kweli. Kipimo cha pili ni kati ya njano na njano, jozi zote tatu. Unatakiwa kupata chini ya omu 1, na zote zilingane. Hapa gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe uone zinasoma ngapi, uipunguze namba hiyo, la sivyo utaisingizia koili ukinzani wa waya za mita.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosema ukweli wote. Weka mita kwenye volti za AC, washa injini soketi ikiwa bado imeachana. Injini itawaka vizuri kwa nguvu ya betri. Ipandishe hadi mizunguko 3000 kwa dakika upime njano kwa njano, jozi zote tatu. Tegemea volti 50 au zaidi. Ninachokijali zaidi kuliko ukubwa wa namba ni kulingana kwake: 60, 61 na 60 ni koili nzima, lakini 60, 34 na 33 ni koili yenye fezi iliyokufa. Shika ncha za mita kwenye plastiki yake tu, maana volti hizo zinarusha. Na usipime injini ikiwa baridi peke yake. Izungushe mpaka ishike moto sawasawa, rudia. Insuleta iliyochoka mara nyingi hushikilia ikiwa baridi na kuachia ikipata joto, na hapo ndipo watu wawili waliopima pikipiki moja hurudi na majibu tofauti.

Koili ikifaulu mara zote mbili, suala la kushusha injini limekwisha. Ikishindwa nitalirudia mwishoni.

Tuseme imefaulu. Unga waya, washa injini, pima DC kwenye nguzo za betri. Kwenye mzunguko wa 3000 unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Fanya hivyo taa za ziada zikiwa zimezimwa, kisha zikiwa zinawaka. Hapa hesabu inaingia. Taa zako mbili ni wati 110. Gawanya kwa volti 13, upate karibu ampea 8.5, juu ya taa kubwa, taa za nyuma, koili za plagi na mengine yote ambayo pikipiki hii ilikuja nayo kutoka kiwandani. Chaji ya GL1200 inatokana na sumaku za kudumu zinazozungushwa na injini, kwa hiyo nguvu yake inafuata mzunguko. Ukiwa barabara kuu inatosha. Ukiwa kwenye foleni taa zote zikiwaka, betri ndiyo inayolipa tofauti. Hilo ni umbile lake, halina dawa zaidi ya kupunguza mzigo. Ningekushauri uweke taa za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara. Zitakupa mwanga huohuo kwa sehemu ndogo ya wati hizo.

Hapa nisahihishe jambo linalosemwa sana, kwamba kuzima taa kunaipumzisha koili ya chaji. Hakuipumzishi. Regyuleta ya aina hii huondoa umeme wa ziada kwa kuzishoti waya za koili kwenda ethi (chuma cha pikipiki kilichounganishwa na nguzo hasi ya betri), hivyo koili inabeba mkondo mkubwa hata pale ambapo taa zote zimezimwa. Zima taa kwa ajili ya betri. Koili hailioni tendo hilo.

Nimeahidi kueleza jinsi betri inavyokauka maji mchana na kuishiwa usiku. Rektifaya ya GL1200 ina waya mweusi mwembamba usiobeba mzigo. Kazi yake ni kupeleka habari: unaiambia regyuleta mfumo una volti ngapi. Haujaungwa kwenye betri moja kwa moja. Habari hizo zinapita kwanza kwenye fyuzi kuu, kisha kwenye swichi ya ufunguo. Tuseme njiani kuna kutu inayomeza volti moja. Betri ina 14.4, lakini regyuleta inaambiwa 13.4, nayo kwa utiifu inaongeza chaji mpaka betri inafika 15.4. Mchana, mzigo ukiwa mdogo, betri inachemka na maji yanakauka. Usiku unawasha wati 110 zaidi, umeme unatakiwa kwa wingi, na soketi ya njano iliyoungua haiwezi kuupitisha. Regyuleta inaomba, hakuna kinachokuja, betri inaisha. Kutu ileile, mahali pawili kwenye njia moja, imekupa dalili mbili zinazopingana. Na kama taa zako za ziada umezidokoa kutoka kwenye waya unaopita swichi ya ufunguo, unazidisha upotevu huo kila unapoziwasha.

Namna ya kuithibitisha ni kupima upotevu wa volti, kipimo ambacho natamani kila mwenye pikipiki ya zamani angekijua kuliko kingine chochote. Hupimi omu. Unaacha umeme upite kama kawaida, kisha unauliza umebaki kiasi gani njiani. Washa ufunguo na taa. Ncha moja ya mita, kwenye volti za DC, iguse nguzo chanya ya betri, na nyingine iguse waya mweusi kwenye soketi ya rektifaya, ukiingizia ncha kwa nyuma bila kuichomoa soketi. Namba unayoisoma ndiyo volti zilizopotea kati ya pale na pale. Hadi 0.3 hivi ni nzuri. Ikifika 1, umempata mwizi. Sogeza ncha ya pili nyuma hatua kwa hatua: baada ya swichi ya ufunguo, kabla ya swichi ya ufunguo, baada ya fyuzi kuu, kabla yake. Mahali namba inaporuka ndipo palipo na kutu. Fanya vivyo hivyo injini ikiwa 3000, kutoka nguzo chanya hadi waya nyekundu zenye mstari mweupe za rektifaya, kisha kutoka nguzo hasi hadi waya zake za kijani. Upande wa ethi usivumilie zaidi ya 0.2.

Nitabahatisha utakapomkuta: fyuzi kuu. Kwenye GL1200 ni kipande bapa cha chuma cha ampea 30 kilichobanwa kwa skrubu mbili, karibu na rilei ya stata, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme. Kinapasuka nywele kwa mtikisiko, skrubu zinalegea, na kukitazama kwa macho hakuonyeshi kitu. Ibadilishe yote kwa kishikio cha fyuzi ya kisasa ya kuchomeka, ampea 30 zilezile, chenye waya mnene. Usiongeze ampea. Halafu zipe taa za ziada rilei yao, umeme wake utoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake, na swichi ya ufunguo ibaki kuamuru rilei tu. Pima tena waya mweusi, uone namba ilivyoshuka.

Tahadhari mbili hapa. Usichomoe waya wa betri injini ikiwa inawaka eti kujaribu chaji; volti zinaruka ghafla na zinaweza kuua moduli ya moto wa plagi. Na ukilazimika kuwasha kwa betri ya gari, injini ya gari iwe imezimwa.

Stata sasa. "Tak-tak-tak" ya haraka ni betri dhaifu. "Tak" moja nzito kama yako inasema rilei imevuta, ila umeme haufiki kwa wingi unaotosha. Pima upotevu uleule huku unapiga stata: kati ya vichwa viwili vinene vya rilei, kisha kutoka nguzo hasi ya betri hadi chuma cha injini. Rilei ikimeza zaidi ya 0.3 hivi, sahani zake za ndani zimeungua. Nunua nyingine, haifunguliki kwa faida. Ethi ikimeza, fungua waya mnene unaoshikana na injini, safisha chini ya bolti. Kama vyote viko sawa na stata yenyewe inapata volti 10 lakini haizunguki, brashi zake zimekwisha, na stata ya GL1200 inatoka bila kushusha injini. Kwamba inagoma injini ikiwa moto tu halinishangazi. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, na mfumo uliokuwa ukijikongoja asubuhi unashindwa mchana.

Kumisi kwenye mzunguko wa chini kuache mpaka umeme utengemae, kwa sababu koili za plagi nazo zinakula kwenye fyuzi ileile na swichi ileile ya ufunguo, na juu yake kuna swichi nyekundu ya kuzima injini kwenye usukani, ambayo ndani yake kuna vibati vidogo vinavyoshika kutu kwa kutotumika. Pima upotevu kutoka nguzo chanya hadi waya mweusi wenye mstari mweupe kwenye koili za plagi. Ukizidi nusu volti, fungua swichi hiyo ya usukani kwa uangalifu, usafishe.

Ikiwa bado inamisi, tafuta ni silinda ipi. Washa injini ya baridi, na baada ya nusu dakika nyunyizia maji kidogo kwenye kila bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini. Yatakayokauka kwa mvuke yanafanya kazi. Litakalobaki na maji ndilo la silinda iliyolala. Sasa tazama mpangilio. Kwenye injini hii pistoni zinazotazamana hufika juu pamoja, hivyo koili moja ya plagi inazihudumia silinda mbili za mbele, kulia na kushoto, na nyingine inazihudumia mbili za nyuma. Zikilala za mbele zote mbili, au za nyuma zote mbili, shuku koili ya plagi au waya wake wa kuamuru. Zikilala mbili za upande mmoja, sahau koili, tafuta hewa au petroli upande huo. Ikilala moja, hamisha plagi yake kwenda silinda nyingine kwanza uone kama ugonjwa unahama nayo, kisha kofia ya plagi kama inafunguka, na bila hivyo uje kwenye kabureta.

Mimi kwa dalili zako nashuku kabureta. Injini inayomisi chini na kutulia juu ya 3000 inasema mkondo mdogo wa petroli, ule unaotumika kabla koo ya kabureta haijafunguka sana, umeziba, na mkondo mkubwa uko wazi. GL1200 ina kabureta nne, moja kwa kila silinda, na tundu za jeti ndogo (vipande vinavyopimia petroli) ni nyembamba kiasi kwamba petroli iliyolala miezi michache inatosha kuziziba kwa utando. Jaribu kwanza dawa ya kusafishia kabureta kwenye tangi, uendeshe matangi mawili. Ikipata nafuu kidogo, endelea. Isipobadilika hata chembe, zishushe. Zitoe zote nne zikiwa zimeshikana kwenye bati lake, usizitenganishe pasipo sababu, na tundu za jeti zisafishwe kwa dawa na upepo wa kompresa. Usichokoe kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka hata kidogo, silinda hiyo haitapatana tena na wenzake.

Kabla ya kuzishusha, hata hivyo, angalia oringi za mabomba yanayopeleka hewa na petroli kwenye vichwa vya injini. Zikikauka, injini inavuta hewa ya pembeni na dalili zake ni hizohizo za jeti iliyoziba. Nyunyiza ukungu wa maji kwenye viungio injini ikiwa inawaka taratibu. Mlio ukibadilika, umepata. Watu wengine hutumia petroli au dawa inayowaka kwa jaribio hili. Juu ya injini yenye moto, sishauri. Ukimaliza kila kitu, kabureta zisawazishwe kwa geji za vakyumu. Na usimruhusu mtu akuambie ni valvu zinazotaka kurekebishwa: GL1200 ndiyo Gold Wing iliyokuja na virekebishi vya oili, hakuna nafasi ya valvu ya kupima. Petroli chafu na oringi kavu ndivyo vya kuviwinda.

Breki. Kwenye pikipiki yako mkono wa usukani unakamata diski ya mbele ya kulia peke yake. Kanyagio la mguu linakamata breki ya nyuma pamoja na diski ya mbele ya kushoto. Kwa hiyo swali la kwanza ni diski ipi inayopata moto. Baada ya mwendo ambao hukutumia breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila diski bila kuigusa. Ya kulia ikiwa na joto, masta silinda ya usukani (pampu inayosukuma oili ya breki) ndiyo mshukiwa. Ya kushoto, fuata ya mguu, na hakikisha ya nyuma nayo haibani.

Kisha inua gurudumu la mbele pikipiki ikiwa kwenye stendi kuu, kamata breki, achia, zungusha. Likibana, legeza kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski. Kama oili ya breki inaruka na gurudumu linaachia, presha ilikuwa imefungiwa. Basi irudishe presha, safari hii ulegeze bolti ya mpira unaopitisha oili ya breki pale juu kwenye masta silinda. Likiachia hapo, ubaya uko ndani ya masta silinda: ina kitundu cha kurudishia oili kilicho chembamba kuliko sindano, na oili ya zamani hugeuka ute unaokiziba, hivyo oili ikipata moto na kutanuka inakosa pa kwenda na breki inajikamata yenyewe. Lisipoachia juu lakini likaachia chini, mpira wa breki umevimba ndani, na hata ukiutazama nje ni mzima. Badilisha mipira yote, ya umri wake wa 1985 kama bado ipo ni ya kutupa bila mjadala.

Na kama kulegeza nati hakukusaidia kitu, ubaya ni wa chuma. Pistoni za kalipa zimegoma, au mfereji ulio nyuma ya sili umejaa ukoko unaoisukuma sili ibane pistoni. Kubadilisha sili bila kuchokoa ukoko huo ni kazi bure. Kalipa ile iliyounganishwa na kifaa cha kuzuia shokapu kuzama ina ekseli ndogo inayotakiwa kucheza kwa ulaini. Ikikauka grisi, pedi haziachii hata pistoni zikiwa mpya. Oili iwe DOT 4, ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, na klachi yako nayo inatumia oili ya aina hiyohiyo, usiisahau.

Lipo jambo hukuniuliza nami siwezi kulinyamazia. Injini hii ina mikanda miwili ya taiming mbele, inayofungua valvu kwa kufuata mwendo wa pistoni, na mmoja ukikatika pistoni zinagonga valvu. Kama aliyekuuzia hakukupa karatasi inayoonyesha mwaka ilipobadilishwa, chukulia haijabadilishwa. Ibadilishe yote miwili, pamoja na kukagua beringi za kukazia, injini ikiwa mahali pake, kabla ya safari yoyote ya mbali. Ningeitanguliza mbele ya kabureta na taa. Tazama na matairi: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, na mashine yenye uzito huu haisamehe raba iliyokauka.

Sasa ile hali niliyoiweka kando. Ikiwa koili ya chaji imeshindwa kipimo cha kwanza au cha tatu, una njia mbili. Unaweza kushusha injini, na ukifanya hivyo ibadilishwe na soketi, klachi ikaguliwe, mihuri yote ya nyuma ya injini iwekwe mipya, kwa kuwa hutaki kurudi huko tena. Au unaweza kufunga alteneta ndogo ya gari mbele ya injini, izungushwe kwa mkanda kutoka kwenye krenkishafti, waya za njano zikiwa zimekatwa na kufungwa moja moja ili koili ya zamani isipeleke umeme popote. Njia hii ya pili wenye Gold Wing za zamani wameitumia kwa miaka mingi na inatoa umeme mwingi kuliko koili ya kiwandani. Kwa mtu anayesafiri usiku kama wewe, ningeichagua hiyo, mradi mwenye kuifunga ahakikishe puli imekaa sawa na mstari wa mkanda, na kava za mikanda ya taiming zinaweza kufunguliwa bila kubomoa kazi nzima.

Niandikie ukishapima. Nataka namba za betri ikiwa imetulia na wakati wa kupiga stata, volti za AC za jozi tatu za njano ikiwa baridi na ikiwa moto, upotevu kwenye waya mweusi taa zikiwaka, na ni diski ipi iliyokuwa na joto. Ongeza picha ya soketi ya njano, pande zote mbili.